Gari Limetiwa Gundi

Wilhelmina Ndunguru alifika Rufiji akiwa na miaka ishirini na tisa, na sanduku la bati, na cheti cha ukunga alichokifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Alitokea Mbinga. Walimpeleka kwanza Mbwera, kwenye visiwa vya delta, na mwaka wa kwanza alilia karibu kila siku kwa ajili ya mbu na maji ya chumvi. Baadaye wakamhamishia Mtunda, kwenye zahanati ya vyumba vitatu, na hapo ndipo alipokaa mpaka akastaafu. Watu walimwita Mama Nesi. Nusu ya vijana wa kijiji walikuwa wamepita mikononi mwake siku waliyozaliwa, na yeye aliwakumbuka wengi wao kwa kilo walizokuwa nazo kuliko kwa majina.

Gari alilinunua miaka kumi na mbili kabla ya kustaafu. Ilikuwa RAV4 ya zamani, ile ya milango mitano yenye umbo la boksi, rangi ya kijani, namba zake zikianzia kwenye herufi A. Alilinunua kwa ajili ya safari zake mwenyewe, kwenda kanisani Kibiti na kurudi. Lakini mwezi wa kwanza tu aliitwa kumpeleka mjamzito hospitali, na mwezi wa pili wawili, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama gari lile ni la nani. Mtoto akikataa kutoka, watu walimpigia Mama Nesi. Hata baada ya kustaafu waliendelea kumpigia, naye aliendelea kwenda, ingawa mgongo ulishaanza kumsumbua.

Gari la aina hiyo lina plastiki nyingi upande wa nje. Bampa la mbele na la nyuma ni plastiki, milango ina mikanda mipana ya plastiki, na juu ya kila tairi kuna pande lililopinda kufuata duara la tairi. Zikiwa mpya huwa nyeusi. Za Mama Nesi zilikuwa zimepauka kwa jua hadi zikafanana na kisigino kisichopakwa mafuta. Bampa la mbele lilipasuka kwenye kisiki njia ya Mahege, likafungwa kwa kamba ya manila. Pande la juu ya tairi la nyuma lilishikwa na waya. Aliwahi kuzipaka dawa ya viatu nyeusi, zikang'aa siku tatu, halafu mvua ikaja ikaitiririsha dawa yote milangoni.

Pengine asingejali sana kama si msiba wa mama yake. Alienda Mbinga na gari hilo, safari ya siku mbili kupitia Masasi na Tunduru, akaingia uwanjani mwao bampa likiwa linaning'inia upande mmoja. Kaka yake, Stephano, mtu wa kahawa na mwenye nyumba ya ghorofa, alilizunguka gari mikono ikiwa nyuma. Kisha akasema mbele ya wafiwa wote, "Dada, miaka yote uliyokaa kule, ndiyo hili?"

Watu walicheka. Wilhelmina naye alicheka. Lakini maneno yale alirudi nayo mpaka Mtunda, na alipokuwa peke yake aliyasikia tena.

Basi mwaka aliostaafu, ikaja habari kwamba Donati, mtoto wa marehemu dada yake, atapadirishwa Jumapili ya kwanza ya Julai. Wilhelmina ndiye aliyemsomesha seminari. Angekaa kiti cha mbele, mahali pa mama. Aliamua kwamba safari hii hataingia Mbinga na gari la kamba na waya.

Alimwita Tamimu, fundi wa bodi wa Kibiti. Tamimu alikuwa mtu mwembamba, mwenye maneno mengi, na alipenda plastiki kuliko bati. Alikuja Jumatatu na pikipiki yake, akaliegesha gari kwenye kivuli cha mkorosho nyuma ya nyumba, akaanza kubandua plastiki moja moja na kuzipanga kwenye turubai.

"Mama, plastiki haijafa," alisema. "Iliyokufa ni ngozi ya juu tu. Tukiikwangua hii, chini yake ni nzima kabisa."

Wilhelmina aliomba afanye kazi ya kukwangua mwenyewe. Kwa siku mbili alikaa kwenye kigoda, amejifunga kanga kiunoni, akaosha kila pande kwa sabuni na brashi, akalisugua kwa msasa na maji, kwanza msasa mkali kisha laini, mpaka ule weupe wa unga ukaondoka. Alikuwa na subira ya mikono. Tamimu alishona ufa wa bampa kwa chuma cha moto, akiyeyusha vipande vya bampa jingine bovu kuwa kama uzi. Kisha akafuta kila kitu kwa tina ya kusafishia, akapuliza rangi ya chini, halafu nyeusi isiyong'aa sana. Jumanne jioni plastiki zote zilining'inia kwenye kamba ya nguo, nyeusi tii. Wilhelmina alizitazama kwa furaha ambayo alimwonea aibu Tamimu kuionyesha.

Shida ilikuwa vibanio vya kuzishikia kwenye bodi. Vile vya zamani vilikatika wakati wa kubandua, na vilivyoletwa na basi kutoka Kariakoo vingi havikuenea. Tamimu akasema watatumia gundi.

Jumatano asubuhi alichanganya gundi ya mirija miwili juu ya kipande cha kigae, akapaka, akabandika mikanda ya milango na yale mapande ya juu ya matairi. Akayafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaweka tepu ya karatasi kila mahali, na vibao vya kugandamiza pale palipokataa kulala. Gari likawa kama mtu aliyevunjika viungo akafungwa bandeji.

"Saa ishirini na nne, mama," alisema akiwasha pikipiki yake saa sita mchana. "Usiliendeshe. Hata mlango usiufunge kwa nguvu. Gundi hii ikitikiswa kabla haijashika, ndiyo basi, haitashika tena. Kesho saa hizi nakuja kufungua, na Ijumaa alfajiri unaondoka."

Sasa kuna Nasra, mke wa Shaabani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mimba yake ya pili ilikuwa ya miezi minane. Jumatatu ile asubuhi, kabla Tamimu hajafika, Wilhelmina alimpima presha kwake nyumbani, kwa mashine yake mwenyewe, akaikuta iko juu, na miguu imevimba. Alimwambia aende Kibiti akakae kwa shangazi yake, karibu na hospitali. Nasra alisema anamsubiri mumewe, aliyekuwa Mbwera kwenye mavuno ya mpunga, arudi Ijumaa.

"Haya, Ijumaa isipite," Wilhelmina alimwambia, akaondoka. Siku nyingine angegombana. Angemsimamia mpaka afunge nguo. Lakini alikuwa na haraka ya kwenda kumpokea Tamimu.

Siku ile ya Jumatano, saa nane na robo, simu ililia. Alikuwa Mwajabu, mama mkwe wa Nasra.

"Mama Nesi, mkamwana wangu kashikwa."

"Nasra? Siku zake bado."

"Bado. Lakini tumbo limekaza kama ubao, na damu inatoka. Gari la wagonjwa tumepiga, wanasema limepeleka mgonjwa mwingine mjini. Tunakungoja wewe."

Presha, damu, tumbo gumu. Wilhelmina alikuwa amewafundisha wakunga vijana jambo hilo mara nyingi, akiwagongea meza: kondo la nyuma likiachia kabla ya wakati, msitazame saa, tazameni dakika. Alijua. Mkono wake ulishika ukingo wa dirisha, na kupitia dirishani aliliona gari chini ya mkorosho, na zile plastiki nyeusi, na mipira imekaza.

"Gari limetiwa gundi, Mwajabu," alisema. "Limefunguliwafunguliwa, haliwezi kutembea. Mwite Huseni wa bodaboda. Mimi nampigia Ally mwenye gari la Noah, yeye yuko karibu, atafika kwenu kabla yangu."

"Haya, mama," Mwajabu alisema. "Tutafanya hivyo."

Alimpigia Ally. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Akatoka uani. Injini ilikuwa nzima, matairi yote manne yalikuwa mahali pake, na mafuta yalijaa tangki kwa ajili ya safari. Alilizunguka gari mara moja. Alibonyeza gundi iliyotokeza pembeni ya mkanda wa mlango, ikabonyea kama unga wa chapati. Alijiambia Ally atapokea sasa hivi. Alijiambia kwamba Noah ni kubwa zaidi, mgonjwa atalala vizuri. Alijiambia pia kwamba amewabeba wanawake wa kijiji hiki miaka kumi na mbili, na kwamba hata mtu aliyestaafu ana siku moja ya kwake. Hili la mwisho alilisema kwa sauti. Hakuna aliyekuwepo kumsikia.

Saa tisa kasorobo Mwajabu alipiga tena. Hakulalamika.

"Huseni kaja, lakini Nasra hakaliki kwenye pikipiki, anaanguka. Ally umempata?"

Wilhelmina alikata simu. Aliingia ndani, akachukua kisu cha jikoni, akakata mipira yote. Vibao vilianguka. Tepu nyingine ilibaki ikipepea kwenye milango. Dakika nane baadaye alikuwa kwenye uwanja wa kina Mwajabu.

Walimlaza Nasra kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Kanga tatu zilikuwa zimelowa. Wilhelmina alimgusa tumbo mara moja, akamshika mkono, akaondoa gari kwa kasi ambayo hajawahi kuendesha. Njia ya vumbi ina mawimbi kama bati. Mkanda wa mlango wa kushoto ndio uliotangulia kudondoka, kisha pande la juu ya tairi la mbele. Jingine likabaki limeshikwa na kibanio kimoja, likawa linapigapiga bodi kila tairi lilipozunguka.

"Mama," Nasra alisema, sauti ndogo. "Gari linapiga kelele."

"Liache lipige, mwanangu. Usilale. Niambie, Shaabani anarudi lini?"

"Nimekuharibia gari lako, mama."

"Nyamaza," Wilhelmina alisema. "Nyamaza, usiseme hivyo." Machozi yalimziba macho, akayafuta kwa mkono wa gauni, akaendelea kuendesha.

Hospitali waliwapokea mlangoni na machela, wakamwingiza chumba cha upasuaji bila kuchelewa. Mtoto alikuwa ameshakufa. Nasra walihangaika naye zaidi ya saa mbili. Walimwekea damu, na watumishi wawili wakajitolea yao, lakini damu yake ilikataa kuganda. Alikufa kabla ya magharibi. Daktari kijana alipotoka na kuvua kofia, Wilhelmina alimwambia asijisumbue kueleza. Mtu aliyefanya ukunga miaka thelathini hahitaji kuelezwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi tangu walipofika, akipiga hesabu: saa nane na robo, saa tisa kasorobo. Nusu saa. Hakuwa na hakika kwamba nusu saa ile ingemwokoa Nasra. Pengine isingemwokoa. Lakini amewahi kuona wanawake waliookolewa kwa muda mfupi kuliko huo, naye ndiye aliyewaokoa.

Walizika siku ya pili, mama na mtoto pamoja. Shaabani alifika kutoka Mbwera akiwa bado na tope la mpunga kwenye miguu. Wilhelmina alikaa ukumbini na wanawake, kichwa amekifunika kwa kanga, na hapo ndipo alipoanza kusikia sifa zake.

"Gari lake lilikuwa kwa fundi, bado bichi," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake. "Kaling'oa vile vile, kalitupa vipande njiani, kwa ajili ya Nasra."

"Na mgeni, si mtu wa kwetu."

"Mgeni gani huyu? Huyu ndiye mtu wetu."

Walimletea chai ya kwanza. Shaabani alikuja akapiga magoti mbele yake, akamshukuru. Wilhelmina alitaka kusema ukweli. Alifungua mdomo, akasema, "Pole, mwanangu," akainywa ile chai.

Tamimu alikuja Ijumaa. Madereva wa bodaboda walikuwa wameokota mapande yote barabarani, hata lile lililoviringika mpaka mtaroni, wakayapeleka gereji kwake. Alisema gundi hairudiwi, kwa hiyo atatoboa na kuyafunga kwa skrubu, na kwamba kwa kweli skrubu ni imara zaidi, angemshauri hivyo tangu mwanzo kama si kwamba vichwa vyake vinaonekana na mama alitaka gari lipendeze.

"Kumbe ingewezekana kwa skrubu?" Wilhelmina aliuliza.

"Ingewezekana. Kazi ya saa moja na nusu."

Alifanya kazi yake. Alipaka tena rangi mahali palipochubuka, akafuta gari lote kwa kitambaa. Likawa zuri. Tangu linunuliwe halijawahi kupendeza namna ile. Wilhelmina alimshukuru, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mbinga hakwenda. Jumamosi alimpigia Stephano, akamwambia gari limeharibika.

"Si nilijua," kaka yake alisema. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wakiimba mazoezi ya kwaya. Donati alipadirishwa bila yeye, na kiti cha mbele alikaa mke wa Stephano.

Baada ya arobaini ya Nasra, Wilhelmina alikwenda kwa Mwajabu asubuhi. Alimkuta uani anapeta mchele. Mjukuu, mtoto wa kwanza wa Nasra, alikuwa amelala kwenye mkeka karibu yake. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Wilhelmina aliketi.

"Mwajabu, siku ile uliponipigia mara ya kwanza," alisema, "gari lilikuwa linaweza kutembea."

Ungo haukusimama. "Najua," Mwajabu alisema.

"Unajua?"

"Uliniambia limefunguliwafunguliwa. Lilipokuja nilipanda, nikaona usukani uko, viti viko, matairi yako. Mie si mjinga, mama."

"Mbona hukusema? Msibani watu wananisifu, na wewe umekaa pale unasikia."

Mwajabu aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Ningesema ili iwe nini? Shaabani ana hasira za babaake. Angekuja kwako na panga, afungwe, mie nikose na mtoto." Akapeta tena. "Na miaka yote umetubebea watu wetu. Hilo nalo lipo. Nikiliweka huku na lile nikaliweka kule, sijui nifanyeje. Basi nimenyamaza."

"Nisamehe, Mwajabu."

Mwajabu aliuweka ungo chini. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, wala hakuwa na hasira. Wilhelmina angependelea hasira.

"Sijalifikia hilo," alisema. "Labda nitalifikia, labda sitalifikia. Chai iko tayari, utakunywa?"

Wilhelmina alikunywa chai. Ilikuwa kali kwa tangawizi, chungu, akaimaliza yote.

Bado anaishi Mtunda. Mwanawe, Richard, aliyeko Mwanza, humpigia simu kila Jumapili kumuuliza anangoja nini kurudi kwao, naye humjibu kwamba bado anapanga. Gari lipo, linatembea. Tangu wakati huo amepeleka wajawazito watano hospitali, wote salama, na kila aliporudi alijipa muda kidogo aone kama mzigo wa Nasra umepungua ndani yake. Haukupungua.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mke wa mdogo wake Shaabani alishikwa na uchungu. Kijiji ni kidogo, habari zilimfikia Wilhelmina mapema asubuhi. Aliwasha gari, akaliacha lingurume, akasimama kando ya njia na simu mkononi. Simu haikulia. Baada ya muda alisikia pikipiki. Ilikuwa ya Huseni. Nyuma yake mjamzito, na nyuma ya mjamzito Mwajabu, amemkumbatia kwa mikono miwili asianguke. Njia ya kwenda Kibiti inapita mbele ya nyumba ya Wilhelmina, hakuna nyingine.

Huseni alipunguza mwendo alipomwona. Mwajabu alimwambia kitu begani, na pikipiki ikaongeza mwendo.

"Umeamkaje, Mama Nesi!" Mwajabu aliita walipompita, kwa adabu yote.

"Nimeamka salama," Wilhelmina alijibu. Vumbi lilipotulia alirudi kwenye gari, akaizima injini.